Bei si ahadi: kutoka telegramu ya 1891 hadi kitufe cha "Nunua"

Ukitembea mjini Nairobi utaliona neno OFA kila mahali: kwenye mabango, kwenye karatasi za supamaketi, kwenye jumbe za simu ambazo hukuziomba. Sote tunajua maana yake ni kwamba bei imeshuka. Lakini mwanasheria akilisikia neno hilo hutega sikio, maana kwake ofa ni kitu kizito. Ofa ya mwanasheria ni neno la mtu aliyejiweka tayari kufungwa. Ukimjibu "nimekubali", mkataba umezaliwa palepale, na akigeuka unaweza kumpeleka mahakamani. Na hapa ndipo kichekesho kilipo: zile OFA zote za mabango, kwa sheria tunayoitumia Kenya, kwa kawaida si ofa.

Ni nini basi? Ni mwaliko. Mwenye duka anasema: karibu, njoo uniambie unataka kununua, kisha mimi nitaamua. Anayetoa ofa ni wewe mteja, na anayekubali au kukataa ni yeye. Mambo yako kinyume kabisa na vile wengi wetu tunavyodhani.

Wiki hii nimeweka kando hifadhidata na seva ili tuangalie mambo yalivyofika hapa. Sababu ni ya kikazi. Sisi tunaotengeneza maduka ya mtandaoni ndio siku hizi tunaochagua, mara nyingi bila kujua, ni sekunde gani mkataba unafungwa. Sifuri moja ikidondoka kwenye bei, kuna mtu atakayebeba hasara. Ni nani? Jibu lake lilianza kutengenezwa mwaka 1891, katika sehemu mbili za dunia, kwa tofauti ya siku 37.

Tuanze Jamaica. Tarehe 7 Oktoba 1891 bwana mmoja aliyeitwa L. M. Facey alikuwa ndani ya gari moshi, akitoka Kingston kwenda Porus. Facey alikuwa na ardhi iliyoitwa Bumper Hall Pen, na siku hizo alikuwa akizungumza na baraza la mji wa Kingston kuhusu kuliuzia ardhi hiyo kwa pauni 900. Mawakili fulani wa Kingston, Harvey na mwenzake, nao waliitamani. Wakamtumia telegramu imfuate njiani. Waliuliza mambo mawili: je, utatuuzia Bumper Hall Pen? Na utujulishe bei yako ya chini kabisa ya pesa taslimu. Jibu walikuwa wameshalilipia wao wenyewe, kwa hiyo Facey hakuwa na kisingizio cha gharama.

Facey akajibu siku ileile kwa maneno machache: bei ya chini ya Bumper Hall Pen ni pauni 900. Mawakili wakaruka. Wakatuma telegramu ya pili kwamba wanakubali kununua kwa pauni 900 alizotaka, na tafadhali awatumie hati ya ardhi ili waingie mapema. Hiyo haikujibiwa.

Kesi ikaenda mahakamani. Jaji wa kwanza akawakatalia mawakili. Mahakama ya rufaa ya Jamaica ikawapa haki. Ikapanda hadi London, kwenye Baraza la Siri la Malkia, lililokuwa likisikiliza rufaa za makoloni, na Julai 1893 Lord Morris akasoma uamuzi: hakuna mkataba. Hoja yake mwanaprogramu yeyote ataielewa. Ombi lilikuwa na maswali mawili, jibu likarudi na moja tu. Sehemu ya bei ilijazwa, sehemu ya "utatuuzia?" ilirudi tupu. Na sehemu ikirudi tupu huna ruhusa ya kuijazia mwenyewe "ndiyo" kwa sababu tu ungependa iwe ndiyo. Kutaja bei ni kutoa habari. Telegramu ya mwisho, ile ya "tunakubali", kumbe ndiyo iliyokuwa ofa, na Facey hakuikubali kamwe.

Hoja ni safi. Lakini hebu ipeleke Gikomba. Unashika koti, unauliza, "Mwisho ngapi?" Muuzaji anasema, "Mwisho mia tisa." Unasema, "Haya, funga." Halafu aseme hauzi, alikuwa anakujulisha tu? Majirani wa kibanda wangeanza kumzomea kabla wewe hujafungua mdomo. Swali la bei ya mwisho, kwetu, limebeba ndani yake "na ukiniambia, tumemaliza". Mimi naona majaji wale walisoma maneno kama mashine na si kama watu wa sokoni. Hata hivyo lazima nikiri kwamba kitu kilichokuwa kikiuzwa kilikuwa ardhi, na hakuna anayenunua ploti kwa kupaza sauti kibandani. Hapa Kenya Sheria ya Mikataba yenyewe inataka mkataba wa kununua ardhi uandikwe, utiwe saini na ushuhudiwe. Facey angeshinda kwetu hata bila London kusaidia.

Sasa tuhesabu siku 37 mbele. Tarehe 13 Novemba 1891, gazeti la Pall Mall Gazette la London lilichapa tangazo la kampuni ya Carbolic Smoke Ball. Dunia ilikuwa imepigwa na homa kali ya mafua tangu 1889, watu walikuwa wamekufa kwa wingi, na wauza dawa walikuwa wakivuna. Dawa ya kampuni hii ilikuwa mpira wa raba uliojazwa unga wa karboliki, wenye bomba la kutia puani. Ukiubonyeza, unavuta unga. Bei yake shilingi 10.

Tangazo liliahidi pauni 100 kwa mtu yeyote atakayeshikwa na mafua baada ya kutumia mpira huo mara 3 kwa siku kwa wiki 2 kama ilivyoelekezwa. Kisha, ili watu waamini, likaongeza kwamba pauni 1,000 zimewekwa katika Alliance Bank kuonyesha kwamba kampuni haifanyi mzaha. Nina hakika aliyeandika sentensi hiyo aliirudia mara kadhaa kichwani miaka iliyofuata.

Bi Louisa Elizabeth Carlill alinunua mpira wake tarehe 20 Novemba, akautumia mara 3 kila siku, na tarehe 17 Januari 1892 akashikwa na mafua. Mume wake alikuwa wakili. (Ukitaka kupuuza barua ya mteja, chunguza kwanza ameolewa na nani.) Kampuni ilikataa kulipa, wakaenda kortini.

Utetezi wa kampuni tungeusikia hata leo. Kwanza, lile lilikuwa tangazo tu, maneno ya kupamba bidhaa. Pili, huwezi kufanya mkataba na dunia nzima. Tatu, mama huyu hakutujulisha kamwe kwamba amekubali. Mahakama ya Rufaa, tarehe 7 Desemba 1892, ilizibomoa zote. Majaji walisema ofa inaweza kutolewa kwa dunia nzima, na mkataba ukafungwa na yule tu atakayejitokeza na kutimiza masharti. Ukitangaza zawadi kwa atakayemwona mbwa wako aliyepotea, hutarajii kila mtu mjini akuandikie barua kwanza kwamba amekubali kumtafuta. Unataka mbwa. Vivyo hivyo kampuni ilitaka watu wavute unga, na mama huyu aliuvuta. Ama kuhusu kupamba, zile pauni 1,000 benki ndizo zilizoimaliza kampuni. Mtu anayepamba haweki pesa benki.

Mambo mawili ya pembeni, kwa kuwa siwezi kuyaacha. Mmoja wa mawakili wa kampuni kwenye kesi ya awali alikuwa H. H. Asquith, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Na Bi Carlill aliishi hadi 1942, akafa akiwa na miaka 96. Daktari aliandika kuwa kilichomuua ni uzee, akaongeza kitu kimoja zaidi: mafua.

Tumepata basi tangazo moja lililokuwa ofa, na bei moja iliyotajwa ambayo haikuwa. Tofauti iko wapi? Wengi husema nia, na ni kweli, lakini nia haionekani kwa macho. Sababu ya kimatendo ilisemwa mwaka 1896, katika kesi iliyohusu kodi na ambayo watu wa kawaida hawaisomi, Grainger dhidi ya Gough. Ilimhusu Louis Roederer, mfanyabiashara wa shampeni kutoka Reims, Ufaransa, aliyekuwa akisambaza orodha ya bei kupitia wakala wake London. Swali lilikuwa kama anafanya biashara ndani ya Uingereza hadi atozwe kodi huko. Katika kulijibu, Lord Herschell alieleza kwamba orodha ya bei haiwezi kuwa ofa. Ingekuwa ofa, kila aliyeipata na kuagiza angekuwa amefunga mkataba, na muuzaji angelazimika kuleta mvinyo bila kikomo hata kama stoo yake imekauka.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha historia yote. Ofa iliyotangazwa kwa umma bila kikomo ni kama kitanzi kisicho na sharti la kusimama: kila anayekuja anaongeza deni moja, na stoo ina chupa 200. Sheria iliweka sharti la kusimama kwa kumpa mwenye duka neno la mwisho. Kampuni ya mpira wa moshi haikuhitaji kinga hiyo, kwa sababu zawadi yake ilikuwa na sharti la kusimama ndani yake: lazima ununue, utumie wiki 2, kisha uugue.

Nitapita haraka kwenye kesi za katikati ya karne iliyopita, ingawa wanafunzi wa sheria huzipenda. Mwaka 1951 kampuni ya Boots iligeuza duka lake la Edgware, London, liwe la kujihudumia. Lilikuwa jambo jipya wakati huo. Chama cha wafamasia kikaishtaki, kwa sababu sheria ya 1933 ilitaka sumu iuzwe chini ya usimamizi wa mfamasia, na mfamasia alikuwa karibu na keshia, si karibu na rafu. Kama mauzo yanakamilika unapotia chupa kikapuni, Boots wamevunja sheria. Mahakama zikasema hapana: rafu ni mwaliko, mteja hutoa ofa anapofika kwa keshia, na duka hukubali hapo. Uamuzi huo ulithibitishwa kwenye rufaa mwaka 1953. Vinginevyo, ukishatia chupa kikapuni usingeweza kuirudisha rafuni ukiona nyingine nzuri zaidi. Kile kikapu kidogo unachokiona pembeni mwa kila duka la mtandaoni ni kikapu cha Edgware.

Bristol, mwenye duka aliweka dirishani kisu cha kuchomoka kwa kubonyeza, na kibandiko cha bei cha shilingi 4. Sheria ya 1959 ilikataza "kutoa ofa ya kuuza" visu hivyo. Mahakama ikasema mwaka 1960 kwamba dirisha si ofa, mtu akaenda zake nyumbani, na Bunge likalazimika kurekebisha sheria mwaka 1961. Kisha mwaka 1968 akaachiliwa mtu mwingine aliyetangaza ndege wa porini kwenye gazeti la wafugaji ndege, shilingi 25 kila mmoja, kwa hoja ileile. Unaona namna kanuni iliyotengenezwa kumlinda muuza mvinyo ilivyokuja kumwokoa muuza visu.

Haya yote yanatuhusu vipi sisi? Yanatuhusu moja kwa moja. Kenya ilikuwa ikitumia Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyokuja na ukoloni. Tarehe 1 Januari 1961 ilianza kutumika Sheria ya Mikataba yetu, Sura ya 23, na kifungu chake cha 2 kinasema kwa ufupi kwamba sheria ya mikataba itakayofuatwa Kenya ni ile ya mahakama za Uingereza, pamoja na marekebisho yake. Sentensi moja tu, na Facey, Bi Carlill na chupa za Boots wakapata uraia. Majirani zetu Tanzania walichukua njia nyingine: sheria yao ya mikataba iliandikwa kwa kufuata mfano ule wa India, na inafafanua yenyewe pendekezo ni nini na kukubali ni nini. Majibu mara nyingi hufanana, lakini mwanaprogramu anayeuza pande zote mbili za Namanga asidhani ni kitabu kimoja.

Ndiyo maana ukifika kwa keshia na bei ya rafuni ikawa 199 na mashine ikasoma 249, huwezi kudai kwamba mkataba ulishafungwa kwa 199. Usiniambie nimekuonea, hiyo ni sheria ya mkataba tu. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kudanganya wateja kuhusu bei, na hilo ni kosa la aina nyingine, lenye mlango mwingine wa kulalamikia.

Wamarekani walifika mahali penye usawa zaidi, nadhani. Aprili 1956 duka moja la Minneapolis lilitangaza makoti 3 ya manyoya kwa dola 1 kila moja, Jumamosi saa tatu kamili asubuhi, atakayetangulia kufika ndiye atakayepata. Wiki iliyofuata likatangaza tena vazi la manyoya la mabegani, la thamani ya dola 139.50, kwa dola 1. Bwana Lefkowitz alifika wa kwanza mara zote mbili, na mara zote mbili akaambiwa kwamba kwa "kanuni ya duka" bidhaa hizo ni za wanawake pekee. Mahakama Kuu ya Minnesota ilimpa dola 138.50 za lile vazi mwaka 1957. Tangazo lilikuwa limetaja idadi, saa, bei na namna ya kumpata mshindi, likawa halikuacha kitu cha kujadiliana. Sharti la kusimama lilikuwa ndani ya tangazo lenyewe, kwa hiyo kinga ya muuza mvinyo haikuhitajika. Ukiona "vipande 50 vya kwanza kwa shilingi 1" kwenye tovuti ya mteja wako, kumbuka jina hilo.

Kisha zikaja mashine, na hapa ndipo mambo yanapotufikia sisi. Mwaka 1964 mpiga tarumbeta mmoja, Bwana Thornton, aliingiza gari kwenye jengo la maegesho la Shoe Lane, London. Mashine ikamtolea tikiti. Kwa maandishi madogo tikiti ilisema kuna masharti mengine ndani, na moja ya masharti hayo lilikataa dhamana ya mtu kuumia. Aliumia. Mwaka 1970 Lord Denning alisema kwamba mashine ya namna hii haitoi mwaliko, inatoa ofa. Mwenyewe ameiweka pale tayari kupokea pesa, na mteja hukubali anapojiingiza mahali ambapo hawezi tena kurudi. Tikiti hutoka baada ya mkataba kufungwa, kwa hiyo masharti yake yamechelewa. Mteja anaweza kuitukana mashine, haitajadiliana naye.

Sasa jiulize, tovuti ya kuuza vitu ni rafu ya Edgware au ni mashine ya Shoe Lane? Inaonyesha bidhaa kama rafu, lakini inapokea pesa na kutoa risiti bila mtu kuangalia, kama mashine. Umoja wa Mataifa ulijaribu kujibu mwaka 2005, katika mkataba wake kuhusu mawasiliano ya kielektroniki, kifungu cha 11: pendekezo lililowekwa mahali ambapo kila mtu analifikia, hata kwenye mfumo unaopokea maagizo wenyewe, lihesabiwe kuwa mwaliko, isipokuwa mwenyewe ameonyesha wazi kwamba amejifunga. Rafu imeshinda. Lakini mapigano yamehamia kwenye hatua inayofuata, yaani ujumbe unaotumwa baada ya mteja kubonyeza.

Kesi ya kusoma hapa ni ya Singapore, Digilandmall. Januari 2003 mfanyakazi wa kampuni hiyo alikuwa kwenye mafunzo ya kutumia programu mpya ya kubadilisha bei. Kwa majaribio tu, akaandika 66. Jaribio likavuka likaingia kwenye tovuti halisi, na printa ya leza ya HP ya dola 3,854 za Singapore ikawa inauzwa kwa dola 66. (Ukitaka kujua kwa nini huwa napiga kelele kuhusu kutenganisha seva ya majaribio na ya kazi, sasa umejua.) Usiku wa kuamkia tarehe 13 habari zikaenea. Hadi kampuni ilipogundua asubuhi, watu 784 walikuwa wameagiza printa 4,086. Marafiki 6 peke yao waliagiza 1,606. Kwa bei ya kweli hizo ni zaidi ya dola milioni 6, kwa bei ya usiku ule ni kama dola 106,000. Kila mmoja wao alipokea palepale barua pepe ya kuthibitisha kwamba ununuzi wake umefaulu.

Wale 6 walishtaki, na wakashindwa, mwaka 2004 na tena kwenye rufaa mwaka 2005. Watu wengi husimulia kesi hii kana kwamba mahakama ilisema tovuti haimfungi mwenyewe. Sivyo. Jaji V. K. Rajah aliziona zile barua pepe za mashine kuwa kukubali kamili. Kampuni iliokolewa na kitu kingine: wanunuzi walijua kwamba bei imekosewa. Ushahidi ulikuwa mazungumzo yao wenyewe ya usiku kwenye mtandao, wakiambizana na kutafuta bei ya kweli. Anayejua mwenzake amekosea hawezi kulinyakua kosa hilo na kuliita mkataba. Lakini fikiria kosa lingekuwa dogo, printa ya 3,854 iuzwe 3,354. Hakuna ambaye angeshuku, na kampuni ingelipa tofauti hiyo mara 4,086, kwa sababu ya neno "thibitisha" lililowekwa kwenye kiolezo cha barua pepe na mtu ambaye pengine alitaka tu kumfurahisha mteja.

Kiolezo hicho mara nyingi huandikwa na mimi au wewe. "Tumepokea agizo lako, tutakujulisha tukilikubali" ni rafu ya Edgware. "Hongera, ununuzi wako umekamilika" ni mashine ya Shoe Lane. Pesa zikishaingia kwa M-Pesa na mfumo ukatuma "asante, mzigo wako unakuja", sioni kwa urahisi mwenye duka atakavyosema hajakubali. Na kwa vitu visivyoisha stoo, kama faili za muziki au programu, ile sababu ya muuza mvinyo haina nguvu tena. Hakuna chupa ya 201 ya kuogopa.

Sheria ya Kenya imeyatazama mambo haya. Marekebisho ya 2009 ya Sheria ya Mawasiliano yalisema ofa na kukubali vinaweza kufanywa kwa ujumbe wa kielektroniki. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti ampe mteja nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, na ya kusahihisha makosa, kabla tu ya kufunga mkataba. Ule ukurasa wa "Kagua agizo lako" ambao wateja wangu hupenda kuuondoa ili mauzo yaende haraka, si pambo.

Nimalizie na kesi ambayo ingemchanganya Lord Morris. Tarehe 19 Aprili 2017, kwenye soko la sarafu za kidijitali la kampuni ya Quoine, programu za pande mbili ziliuziana bila mtu kugusa kitu. Programu ya kampuni ya B2C2 ilikuwa imepangwa kwamba soko likikosa bei za kulinganisha, itumie bei ya akiba iliyoandikwa na mwanaprogramu: bitcoin 10 kwa etha 1. Kwa sababu ya hitilafu kwenye mfumo wa Quoine bei za kulinganisha zilipotea, na programu ikauza kwa bei karibu mara 250 ya ile ya soko. Quoine ikafuta mauzo hayo, ikashtakiwa.

Hapakuwa na telegramu wala mazungumzo ya usiku ya kusoma. Basi nani "alijua" kwamba bei imekosewa? Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ya Singapore ilijibu kwamba tutazame kichwa cha mwanaprogramu, tangu alipoandika programu hadi mkataba ulipofungwa: je, aliandika ile 10 akijua au akitarajia kwamba siku moja mtu atauziwa kwa kukosea? Wakaona hapana, aliiweka kama kinga, na Quoine ikashindwa. Jaji mmoja kati ya watano, Jonathan Mance, hakukubaliana na wenzake. Kwake yeye swali halikuwa alichofikiri mwanaprogramu wakati anaandika, bali kile ambacho mfanyabiashara mwaminifu angekijua mara moja kama angekuwa ameketi mbele ya skrini siku ile na kuiona bei hiyo ikipita.